Den Gamle By: Makumbusho ya Maisha ya Mjini huko Aarhus

Den Gamle By, yaani Mji wa Kale, ni makumbusho ya wazi katika mji wa bandari wa Aarhus, pwani ya mashariki ya rasi ya Jutland nchini Denmark. Yana nyumba zaidi ya 70 zilizohamishwa kutoka miji zaidi ya 20 ya nchi hiyo na kusimamishwa upya kando ya vichochoro vilivyotandazwa mawe, kila moja pamoja na duka, karakana au ua wake.

Fikra ya kuhamisha nyumba nzima ili zihifadhiwe haikuanzia Aarhus. Huko Uswidi, Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891. Nchini Norwei, daktari wa meno Anders Sandvig alikusanya majengo ya bonde la Gudbrandsdalen, yakapata makao ya kudumu Lillehammer mwaka 1904. Denmark yenyewe ilikuwa na mkusanyo wa Bernhard Olsen tangu 1897. Ila karibu juhudi zote hizo zilielekezwa mashambani. Mkulima ndiye aliyeonwa kuwa mbebaji wa utamaduni wa taifa. Mwokaji mikate, mtia rangi nguo na msokota kamba wa miji midogo hawakutiliwa maanani.

Na mjini ndiko mambo yalikokuwa yakibadilika upesi zaidi. Kwa karne kadhaa, kazi za mikono katika miji ya Denmark zilitawaliwa na vyama vya mafundi. Kijana alianza kama mwanagenzi nyumbani kwa fundi mkuu, akala na kulala humo humo kwa miaka ya mafunzo. Akihitimu, alizunguka mji baada ya mji akifanya kazi kwa mafundi wengine na kuokota maarifa yao. Ili naye awe fundi mkuu, ilimpasa kutengeneza kitu kwa mkono wake na kukipeleka mbele ya wakuu wa chama wakikague. Asiyekuwa mwanachama hakuruhusiwa kufungua karakana mjini. Mfumo huo ulilinda ubora, lakini pia ulifunga mlango kwa wengi. Sheria ya mwaka 1857, iliyoanza kutumika 1862, iliuvunja. Mwaka huo huo wa 1862 reli ya kwanza ya Jutland ilifunguliwa kati ya Aarhus na Randers. Bidhaa za viwandani zikafika kila mji kwa bei ndogo, na karakana moja baada ya nyingine zikafungwa.

Nyumba za mafundi na wafanyabiashara nazo zikaanza kubomolewa. Mojawapo ilikuwa jumba la mfanyabiashara lililojengwa Aarhus mwaka 1597. Mwalimu Peter Holm alipigania lisipotee. Kwanza alifaulu kulifanya sehemu ya maonyesho ya taifa yaliyofanyika Aarhus mwaka 1909, kisha likahamishiwa bustani ya mimea ya mji huo, ambako makumbusho yalifunguliwa 1914. Holm aliona jambo ambalo wenzake wengi waliomtangulia hawakulipa uzito: kwamba mji mdogo una historia yake kamili, na kwamba historia hiyo imo katika kazi za watu wake.

Ujenzi wa asili ndio uliorahisisha uhamishaji. Nyumba hizo zilikuwa na kiunzi cha nguzo na boriti zilizounganishwa kwa vigingi vya mti, na nafasi kati ya mbao zikajazwa matofali au udongo. Msomaji anayezijua nyumba za fito na udongo za pwani ya Afrika Mashariki ataelewa haraka jinsi kiunzi kinavyobeba nyumba, wakati kuta zinajaza tu. Kila ubao ulitiwa alama, nyumba ikafunguliwa, mbao zikasafirishwa, kisha zikaunganishwa upya kwa mpangilio ule ule. Si zote zilizosimama mapema. Jumba moja la Copenhagen la mwaka 1683 lilibomolewa katika miaka ya 1940, na mbao zake zikakaa ghalani kwa miongo kadhaa. Lilizinduliwa upya 2009 tu. Ukumbi wa michezo wa kuigiza wa Helsingør, uliojengwa 1817, ulifunguliwa ndani ya makumbusho mwaka 1961.

Kinachoyapa makumbusho haya uhai ni kwamba mgeni hazuiliwi nje ya kamba akitazama vyombo kimya. Waliovaa mavazi ya karne ya 19 humpokea jikoni, wakipika kwenye moto wa kuni na kumweleza siku ya mtumishi ilivyokuwa tangu alfajiri. Mkate na keki za mapishi ya kale huuzwa dukani kwa mwokaji. Mtoto anayeuliza maswali hujibiwa na mtu aliyeshika kazi mkononi. Njia hii ina thamani isiyoweza kupatikana kwa maandishi ukutani, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wa kale haikuandikwa popote: namna ya kushika chombo, kiasi cha moto, sauti ya mbao inapokubali patasi. Ikikosa mikono ya kuirudia, hupotea.

Makumbusho hayakusimama kwenye karne ya 19. Baadaye yaliongeza mtaa wa mwaka 1927, kisha wa 1974, wenye duka la televisheni na makazi ya vibarua kutoka Uturuki, watu waliokuwa wameanza kuibadilisha sura ya miji ya Denmark. Ipo pia nyumba iliyopangwa kama ya miaka ya 1950, ambamo wazee wanaopoteza kumbukumbu huletwa kunywa kahawa kati ya vyombo na harufu za ujana wao. Mara nyingi mazungumzo yaliyokwisha kukauka huanza tena.

Afrika Mashariki nayo inaijua njia ya makumbusho ya wazi. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na ngoma huchezwa humo mbele ya wageni. Kama Skansen ya mwanzo, kimeelemea vijijini. Wachonga milango wa Zanzibar na waunda majahazi wa Lamu, mafundi wa miji ya Waswahili, wanastahili kuwekewa mahali pa namna ya Aarhus sasa, wakati ufundi wao ungali mikononi mwa walio hai.