Noeli ya Wasio na Kwao

Mwezi wa Desemba ukifika katikati, hapana asiyejua ya kuwa Sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana imekaribia, hata kama hana kalenda ukutani. Dalili zake ni ndogo ndogo. Akina mama wanapepeta mchele na kuuchagua vijiwe. Vijana wanafyeka majani kando ya njia ya kanisani. Nguo zimefuliwa na kuanikwa ua mzima, na pasi moja ya makaa inazunguka nyumba hata nyumba. Usiku watoto wanajifunza nyimbo mpaka sauti zinawakauka. Na kila basi likisimama njia panda, watu hutoka nje kutazama ni nani aliyerudi.

Siku hizo ndizo tunazosikia sana methali ile ya wazee: Mkataa kwao ni mtumwa. Husemwa juu ya kijana aliyekwenda mjini na mwaka wa tatu huu hajaonekana. Husemwa tena kwa kucheka, kumkaribisha yule aliyerudi na mizigo yake. Sisi nasi tumeisema mara nyingi, hata darasani. Lakini tukitazama mambo ya kale ya Kanisa letu katika nchi hizi, twaona kwamba methali hii yafaa tuiseme kwa uangalifu, maana Wakristo wengi wa kwanza wa pwani walikuwa watumwa kweli, na hawakukataa kwao. Walinyang'anywa.

Wasomaji wengi wamesikia habari za soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1873, mwezi wa Juni, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, na masoko yote ya kuuzia watu hadharani yakafungwa. Kabla ya hapo watu walitolewa bara, wengine kutoka upande wa ziwa Nyasa, wengine kutoka Uyao na nchi za mto Ruvuma, wakatembezwa safari ya wiki nyingi hata pwani, wakatiwa majahazini, wakauzwa Unguja kama vile sisi tunavyouza mbuzi gulioni. Mtoto aliyeuzwa hivyo alipoteza mama na baba, akapoteza na lugha yake, na mara nyingi jina lake pia, maana bwana wake alimwita jina alilolipenda mwenyewe.

Soko lilipofungwa, watu wa Misioni ya Universities walipata uwanja ule. Sehemu yake ilinunuliwa na padri mmoja, jina lake West, na sehemu nyingine ilitolewa na Mhindi mfanya biashara, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku gani? Liliwekwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba mwaka ule ule wa 1873. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu soko kufungwa. Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa Askofu, aliisimamia kazi ile kwa miaka mingi. Dari lake la kuba lilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na watu wengi walisema litaanguka, lakini halikuanguka. Askofu Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare pana duara ya marumaru nyeupe sakafuni, na husemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kupigwa.

Ni nani waliokusanyika katika Noeli za miaka ile ya kwanza? Hawakuwa watu waliorudi kwao. Misioni ilipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Baadaye walikuja wengine, wavulana wakawekwa Kiungani, na wasichana na watu wazima wakapata mahali pao Mbweni. Huyu alikuwa Myao, huyu Mmakua, huyu mtu wa Nyasa, huyu Mzaramo. Hawakuzaliwa na mama mmoja, wala hawakusikilizana kwa lugha za kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walikula sahani moja, wakasimamiana katika ubatizo, wakaoana, na walipokufa wakazikana. Mambo yote ambayo mtu hufanyiwa na jamaa yake, hao walifanyiana, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuwafanyia.

Twapenda msomaji afikiri kidogo hapo. Kwetu leo, Noeli ni siku ya kurudi. Kwao haikuwezekana kuwa hivyo. Mtoto wa Kiungani alipofunga shuka yake safi asubuhi ya sikukuu, hakuwa na njia ya kumwonyesha mama yake. Wengine hawakujua hata upande gani wa bara walikotoka; walikumbuka mlima tu, au mto, au sauti ya mtu akiwaita. Kwa hiyo Noeli yao ilikuwa siku ya kukaribishana, mgeni akimkaribisha mgeni.

Tusidhani kwamba hawakutamani kurudi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, waliotaka kwenda zao upande wa Nyasa. Walishuka Lindi, wakaanza kwenda bara kwa miguu. Walipofika Masasi wakaiona ardhi ni nzuri na maji yapo, nao wakaomba wakae hapo hapo. Basi wakakata miti, wakajenga. Mwisho wa mwaka ule Noeli ikawakuta katika kijiji kipya, nusu ya njia kati ya soko walikouzwa na nchi walikozaliwa. Twaweza kukisia kwamba wako waliotazama upande wa magharibi jioni ile. Lakini asubuhi yake walilima, kwa kuwa mvua hazingoji.

Wala amani yao haikudumu bila taabu. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, waliushambulia mji wa Masasi, nyumba zikachomwa, na watu wengine wakachukuliwa mateka. Hebu fikirini: mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja anachukuliwa mara ya pili. Hata hivyo kazi haikufa, na Masasi hata leo ni mji wenye Wakristo wengi.

Mmoja katika wale waliouzwa utotoni alikuwa Cecil Majaliwa, Myao. Alilelewa Unguja, akasomeshwa, na mwaka 1890 akapewa daraja ya kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile kuipata. Yeye alirudi kweli bara, akafanya kazi kati ya Wayao wa Chitangali, upande wa Ruvuma. Aliyechukuliwa kama mali akarudi kama mchungaji. Lakini Majaliwa walikuwa wachache. Wengi hawakurudi kamwe.

Upande wa Mombasa mambo yalikuwa kama hayo. Mwaka 1875 watu wa C.M.S. walianza kijiji cha Freretown ng'ambo ya kisiwa, mahali pa kukaa waliokombolewa. Wengine wao walikuwa wamepelekwa hata Bara Hindi, wakalelewa Nasik, ndipo wakaletwa tena Afrika. Paliwekwa kengele ya kuwaonya watu, hatari ikitokea, na ya kuwaita kwa sala. Mahali hapo hata leo huitwa Kengeleni. Watu wasio na ukoo walijua kengele moja, na walioisikia wakawa majirani.

Tumeandika haya yote kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe. Sisi twakaa Bonde, karibu na mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani, Dr. Hindorf, mwaka 1893, na mashamba yalipokuwa makubwa walihitajiwa watu wengi wa kukata. Wakatafutwa mbali: Buha, Ubena, Umakonde, hata Ruanda na Urundi. Waliandikwa kwa mkataba, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengi walimaliza mkataba wao wakarudi. Wengine hawakurudi, wakazeeka katika nyumba za kambi za shamba.

Mzee mmoja wa namna hiyo alikuwa jirani yetu. Alitoka Buha katika miaka ya 1950, angali kijana. Kila Jumapili alikaa kanisani mahali pale pale, karibu na mlango, na hapana aliyemchukia. Twasema hivyo kwa haya, maana kutomchukia mtu si kazi kubwa.

Noeli moja, miaka michache iliyopita, tulitoka kanisani kwa furaha. Nyumba zilijaa wageni. Kama ilivyo desturi, akina mama walipakua pilau, wakafunika sahani kwa vitambaa, wakawatuma watoto kuzipeleka kwa majirani. Na sahani hizo hazirudi tupu. Watoto walipishana njiani mchana kutwa. Jioni mtoto wetu mmoja alikuja akauliza, “Baba, mbona kwa babu wa kambini hakuna sahani iliyokwenda?” Tukamwambia bila shaka wengine wamempelekea. Akasema, “Hapana. Amefagia uwanja tangu asubuhi, akatoa vigoda viwili nje, na hata sasa hakuna aliyevikalia.”

Tuliona aibu kuu. Nyumba yake haikuwa mbali. Katika njia ya kanisani tunaipita. Kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imemkumbuka. Tukachukua chakula tukaenda, jua likiwa linatua. Tulimkuta amevaa koti lake, amekaa kizingitini, na vile vigoda viwili viko uwanjani pamefagiliwa vizuri.

“Shikamoo, mzee wetu,” tukasema.

“Marahaba, mwalimu. Karibuni, kaeni,” akajibu, wala hakutuuliza kwa nini tumechelewa.

Tukala pamoja naye. Akatuhadithia habari za kwao, jinsi walivyosafiri kwa garimoshi siku nyingi, na jinsi mama yake alivyomfungia maharage ya njiani. Hapo mmoja wetu, kwa kutotafakari, akaitaja methali ile, Mkataa kwao ni mtumwa. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, “Mimi sikukataa kwetu, mwalimu. Nauli ndiyo iliyonikataa. Na nilipoipata nauli, wa kunipokea walikuwa wamekwisha kufa.”

Hatukuwa na jibu. Tukajua ya kuwa tumesoma habari za Unguja na Masasi na kuzifundisha kwa mitihani, na mwenye habari zile zile amekaa karibu na mlango wa kanisa letu miaka yote. Hatusemi kwamba manamba na mtumwa ni mamoja. Huyu aliandikwa na kulipwa, yule aliuzwa. Lakini upweke wa jioni ya sikukuu hauchagui.

Tangu mwaka ule tulifanya shauri na wazee wa kanisa. Wiki moja kabla ya Noeli twaandika majina ya wote ambao hawatakwenda kokote wala hawatajiwa na mtu: mjane asiye na watoto, mlinzi wa shamba anayelinda usiku ule, mgonjwa wa hospitali ambaye jamaa zake wako mbali, mwalimu mgeni aliyehamishiwa kwetu juzi. Kila jina hupewa nyumba moja, tena nyumba inayojulikana, ili pasiwe na kudhani kwamba fulani atafanya. Si kazi ya fedha nyingi. Ni sahani moja zaidi na kigoda kimoja zaidi. Mzee yule alikula kwetu Noeli mbili, na ya tatu hakuiona. Alipokufa alizikwa na kijiji chote, na watoto waliokuwa wakimpelekea sahani ndio waliobeba maua.

Tukumbuke na habari yenyewe ya sikukuu. Yusufu alikwenda Bethlehemu kwa kuwa ndiko kwao, mji wa baba zake, nako akakosa nafasi ya kulala. Baadaye mtoto alichukuliwa usiku, akawa mgeni katika nchi ya Misri. Hata Bwana wetu alijua maana ya kufika kwao asipokelewe, na maana ya kukaa ugenini. Wale wa soko la Unguja waliposikia habari hiyo kwa Kiswahili mara ya kwanza, hapana shaka waliielewa upesi kuliko sisi.

Basi, ndugu wasomaji, mwaka huu mabasi yatakapokuja tuwapokee watoto wetu kwa shangwe, kwa maana kurudi kwao ni jambo jema, na methali ya wazee ina akili yake. Lakini kabla ya kufunika sahani ya mwisho, mtu na atoke nje, atazame nyumba zilizo kando ya njia yake, aone kama pana uwanja uliofagiliwa na vigoda ambavyo havijakaliwa. Wakristo wa kwanza wa pwani yetu hawakuwa na kwao, nao wakafanyiana kwao. Sisi tulio na kwetu tusifanye pungufu.