Matiti, Mgongo na Madaktari wa Ol Molog

Ol Molog, leo kata ya Wilaya ya Longido mkoani Arusha, iko kwenye miinuko ya Kilimanjaro, na Mlima Meru huonekana ng'ambo, kusini-magharibi. Huko ndiko daktari Mwingereza Michael Wood alikokuwa na shamba, na ni katika miinuko hiyo ambako yeye, Archibald McIndoe wa New Zealand na Tom Rees wa Marekani walipanga huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza mwaka 1957, ambayo sasa tunaiita Amref. Simulizi hiyo huishia kwenye ndege, redio na vijiji visivyofikika kwa barabara. Fani yao husahaulika. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji rekebishi, na mwaka 1958 McIndoe na Rees walichapisha makala ya kitabibu kuhusu upasuaji wa matiti: nani anaufaa, unafanywaje, na madhara yake ni yapi. McIndoe alikuwa ameshaandika juu ya matiti yaliyokua kupita kiasi tangu 1939, pamoja na binamu yake Harold Gillies.

Nayakumbusha haya kwa sababu wengi huamini kwamba kushona mdomo sungura au kupandikiza ngozi kwenye jeraha la moto ni tiba, ila kupunguza matiti ni urembo wa wenye pesa. Waasisi hao hawakuuweka mpaka huo. McIndoe aliyewatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili ndiye huyo huyo aliyepunguza matiti mazito, kwani kazi zote mbili zina fumbo moja: kuhamisha ngozi na nyama bila kuziua. Historia ya mbinu zenyewe ni historia ya damu inayolisha ngozi na chuchu. Mwaka 1928 Hermann Biesenberger wa Vienna alibandua ngozi kutoka kwenye tezi ya titi. Umbo lilipatikana, lakini wakati mwingine ngozi au chuchu ilikufa. Mwaka 1930 Schwarzmann alionyesha kwamba chuchu hulishwa pia na tabaka la ngozi linaloizunguka, hivyo tabaka hilo lisikatwe. Robert Wise wa Marekani akaja mwaka 1956 na kielelezo cha kukatia ngozi alichokitoa kwenye sidiria, kama fundi cherehani, nacho huacha kovu lenye umbo la nanga. Tangu miaka ya 1970 madaktari wengi huiacha chuchu juu ya shina la nyama lenye mishipa yake, na kuipandisha ikiwa hai.

Watakaosema mgonjwa anayeumizwa na uzito wa matiti apunguze mwili kwanza wana hoja, ila ushahidi hauwabebi mbali. Utafiti wa Marekani uitwao BRAVO, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulilinganisha upasuaji na njia nyingine: kupunguza uzito, mazoezi ya viungo, sidiria maalumu, dawa. Njia hizo hazikuleta nafuu ya kudumu. Upasuaji uliwapunguzia wanawake maumivu ya shingo, mabega na mgongo. Kwa mama anayeshuka kutoka miteremko ya Meru na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru, shingo na mgongo ndiyo mtaji. Sioni urembo hapo.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini bingwa adimu aitumie meza ya upasuaji kwa titi wakati mtoto aliyeungua anasubiri. Mtoto atangulie, bila ubishi. Lakini uadimu ni sababu ya kufundisha wengi, na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999, kina makao yake hapa hapa Arusha na hutoa ubingwa wa upasuaji rekebishi. Bingwa huyo huyo atayahudumia makundi yote mawili.

Hata hivyo mgonjwa aambiwe ukweli wote kabla ya kusaini. Huenda asiweze kunyonyesha, au anyonyeshe kwa shida. Chuchu inaweza kufa ganzi. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota kovu nene. Pale kovu la wima linapokutana na la chini ya titi, mshono huvutwa kuliko kwingine kote na hufumuka kirahisi katika majuma ya mwanzo, mgonjwa akiwa ameshapanda basi kurudi Longido.