Kusaka vyuma vya kale: sheria yasemaje

Barabara ya Mackinnon-Sclater, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1890 kupitishia mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Uganda, ilipoteza umuhimu reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901. Msumari ukilala palepale ulipoanguka, huwaonyesha wataalamu msafara ulikopita. Ukichimbuliwa ovyo, ni chuma chakavu tu.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kuwa vya kale vifaa vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Mwenye mtambo wa kutambua vyuma ardhini hawezi kujua mapema atachimbua cha mwaka gani. Kuvisaka kwahitaji leseni, hata shambani mwako. Aliyevikuta kwa bahati ana siku 7 kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.