Reli Ilikuwa na Watu wa Kila Aina, na Bado Ilibagua

Kila mara orodha ya walioajiriwa ikitoka hapa Nakuru, kazi ya kwanza ya watu ni kuhesabu majina. Kina Kamau ni wangapi, kina Kiprono wangapi, Otieno yuko ama hayuko, na mbona hakuna Mturkana hata mmoja. Siwalaumu. Sheria yenyewe inahesabu hivyo hivyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka bodi ya kaunti ihakikishe angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazi zimeenda kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Kwa kaunti ya watu 2,162,202 (sensa ya 2019), yenye karibu kila lugha ya Kenya sokoni, hizo sheria ni za maana sana.

Shida yangu ni hesabu yenyewe. Ukisoma historia ya huu mji utaona kwamba mwajiri mmoja anaweza kuwa na watu wa kila kabila na kila rangi, hesabu ya vichwa ikakubali, na bado pale kazini pakawa na ubaguzi mtupu.

Anza na reli, kwa sababu Nakuru ni mtoto wa reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika hapa 1900, na miaka minne baadaye Nakuru ikatangazwa mji. Wajenzi karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, elfu kadhaa wakabaki. Treni zilipoanza kubeba mizigo, wakubwa na wahandisi walikuwa Wazungu. Makarani, mafundi na wasimamizi wa stesheni, wengi wao walikuwa Wahindi na Wagoa. Mwafrika alibeba mizigo, akachochea moto, akatengeneza njia na sururu mkononi. Hebu fikiria hiyo reli ikiandika ripoti ya mwaka jinsi kampuni zinaandika siku hizi, na picha ya wafanyakazi wote wakitabasamu. Ingepewa tuzo! Mabara matatu, dini zote, makabila kibao. Lakini ukijua rangi ya mtu ulikuwa ushajua cheo chake, mshahara wake, na hata nyumba atakayolala.

Kwa mashamba ilikuwa hivyo hivyo, ila huko kupanga watu kulifanywa kwa kabila. Lord Delamere alipofungua mashamba yake Njoro, kisha Soysambu kule Elmenteita, alipenda Wamaasai kwa ng'ombe. Walowezi wengine walikuwa na orodha yao kichwani: hawa ni wa mifugo, hawa ni wa jembe, hawa ni wa jikoni, hawa ni wa kulinda usiku. Hizo story bado tunazo. Ukisikia mtu akisema kabila fulani ni wazuri kwa ulinzi na lingine kwa biashara, huyo anasoma daftari la mlowezi bila kujua. Huyo mlowezi hakuwa akifanya utafiti wa tabia za Waafrika. Alikuwa akitafuta mikono ya bei rahisi, na kupanga watu kwa kabila kulimsaidia wasiongee lugha moja kuhusu mshahara.

Halafu kukaja kipande. Sheria ilipitishwa 1915 ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina, kabila na wilaya, kwenye kijaluba cha chuma ambacho wengi walivaa shingoni. Hiyo sehemu ya shingoni tulifunzwa shuleni. Kile hatukuambiwa sana ni kwamba ndani kulikuwa na rekodi ya kazi: mwajiri ni nani, umeingia lini, umetoka lini, unalipwa ngapi. Bila mwajiri kutia sahihi kwamba amekuachilia, huendi popote. Na kwa sababu mshahara wako wa zamani umeandikwa pale, mwajiri wa pili haoni sababu ya kukulipa zaidi.

Sasa angalia fomu za kazi za leo. "Mshahara wako wa sasa ni ngapi? Ambatisha hati ya malipo." Mtu wa HR atakuambia ni utaratibu tu. Lakini inafanya kazi ileile: mwenye alionewa kwa kazi ya kwanza anabeba uonevu wake hadi kazi ya pili. Kama kazi ina thamani ya elfu 60, andika elfu 60 kwa tangazo na uache kuchungulia mfuko wa mtu.

Na utaona kipande kilikuwa cha wanaume. Akina mama waliochuma pareto Molo na Njoro miaka ya 1930 na 1940, na watoto wao kando, walikuwa vibarua bila rekodi yoyote. Kazi imefanyika, pareto imeuzwa ng'ambo, na hakuna karatasi inayosema huyu mama ana uzoefu wa miaka kumi. Sahau kumpandisha cheo, hata hayuko kwa vitabu.

Ile ngazi ya rangi iliandikwa wazi hata serikalini. Tume ya Holmes ya 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na cheti kile kile na kazi ile ile, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Ilibidi tume nyingine, ya Lidbury mwaka wa 1954, ipendekeze mishahara isipangwe tena kwa rangi. Kuanzia hapo hadi uhuru ni miaka tisa tu. Kwa hivyo babu aliyeingia kazini kijana mwaka wa 1950 alifundishwa na mwajiri wake wa kwanza kwamba kazi nzuri ni za watu wa fulani. Uhuru ulipokuja, viti vya juu vilibadilisha wenyewe. Swali la "huyu ni wa nani?" halikubadilika.

Naona hapa ndipo tunajidanganya. Tunasema ukabila kazini ni tabia yetu, kama vile tumezaliwa nayo. Mimi naona ni mfumo wa kuajiri tuliorithi, na sehemu yake kubwa ni mnyapara. Shambani, mnyapara akiambiwa leta watu ishirini, alileta ndugu na majirani. Leo kuna mageti ya kampuni ambapo kibarua anachukuliwa kwa kunong'onezwa na msimamizi. Hakuna tangazo, hakuna maswali. Hapo hakuna haja ya mtu mbaya. Msimamizi mzuri kabisa, mwenye huruma na watu wao, atajaza zamu nzima na lugha moja.

Na gharama yake tuliiona. Mwisho wa Januari 2008 vita vilifika Nakuru, kisha Naivasha. Wafanyakazi wa mashamba ya maua, walioishi na kufanya kazi pamoja miaka mingi, walitengwa kwa majina. Mtaani Kabati, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Wengine walikimbilia kituo cha polisi na gereza. Vita vile vilitoka kwa siasa, sitadai vilitoka kwa ofisi ya kuajiri. Lakini hayo mashamba yalikuwa na mchanganyiko ambao hesabu yoyote ingesifu, na hiyo haikuzuia watu kuulizwa kitambulisho barabarani.

Basi nikiulizwa uajiri mzuri ni gani, sianzi na idadi. Naanza na ile siku kabla ya tangazo: vigezo viandikwe kabla ya CV ya kwanza kusomwa, ili visipindwe vimfae mtu. Tangazo lifike Kuresoi na Subukia, lisikae kwa kundi la WhatsApp la ofisi. Maswali yawe yale yale kwa kila mtu, na kila mwanajopo aandike alama zake kabla hajasikia mwenzake amesema nini. Na tafadhali, ile tabia ya kusoma jina la mtu kisha kumsalimia kwa lugha ya kwao katikati ya usaili, wacheni. Mnadhani ni ukarimu. Yule anayengoja nje kwa benchi amesikia, na ashajua kazi imeenda.

Kisha rekodi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema mtu akidai amebaguliwa, ni mwajiri ndiye atathibitisha kwamba hakubagua. Watu wengi hawajui hilo. Bila alama za jopo na orodha ya walioomba, mwajiri ataenda kortini na maneno matupu.

Wengine wataniambia, "Sisi tunaajiri kwa uwezo tu." Sawa. Nionyesheni wafanyakazi wenu kwa madaraja: mameneja, wasimamizi, makarani, walinzi, wafagiaji. Kama kabila moja limejaa juu na lingine limejaa kwa ufagio, na wanawake wamejaa kwa kuchuma lakini hawapo kwa kusimamia, hiyo ni ile reli ya 1930, imepakwa rangi mpya tu. Hesabu ya jumla itaficha hilo kila mwaka.

Na kuna wale ambao hesabu haiwafikii kabisa. Kifungu cha 37 cha hiyo Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, anastahili masharti ya mfanyakazi wa mwezi. Mwajiri mjanja anajua, kwa hivyo anampumzisha siku chache kabla mwezi uishe, kisha anamrudisha. Huyo mtu anaweza kupita geti lile lile miaka mitano na asiwe kwa orodha yoyote ya kabila, ya jinsia wala ya cheo.