LORI LETU LA BEDFORD NA UFA ULIOSHIKA KUTU

Kila tukutanapo sisi tuliosoma shuleni hapa miaka ya sabini na themanini, haipiti saa moja kabla mtu hajauliza: "Na lile Bedford, je?" Wanafunzi wa leo hutushangaa, wazee wenye wajukuu tukibishana juu ya lori. Nimeombwa niandike historia yake. Nitaeleza hasa habari za mwaka 1980, lilipovunjika uso, kwa sababu baadhi yetu tulihusika na jambo lile kuliko tulivyokiri.

Jina la Bedford lilianza mwaka 1931, wakati kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, iliyokuwa mali ya General Motors ya Marekani, ilipoanza kuuza malori kwa jina hilo. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo iliunda malori yapatayo 250,000 kwa ajili ya majeshi. Baada ya vita yalienea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na huku kwetu pia. Letu lilikuwa la aina ya TJ, iliyotolewa mwaka 1958: pua ndefu, injini mbele ya kebini, na boneti juu yake.

Baada ya mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, shule zilitakiwa kulima na kujihudumia. Lori lile ndilo lililobeba mbolea, kuni, mahindi na timu ya mpira. Kisha nyakati zikawa ngumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Ikafuata Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri navyo vikaadimika. Gari likiharibika, hapakuwa na duka la kukimbilia. Ilibidi litengenezwe kwa kilichopo.

Katika msimu wa mvua wa mwaka 1980, lori likirudi kutoka Iringa na magunia ya unga, liliacha njia upande wa kushoto likagonga ukuta wa kalvati. Hakufa mtu, ila utingo alivunjika mkono. Bampa lilipinda likagusa tairi. Digadi la kushoto likakunjamana. Rejeta ikasukumwa nyuma ikachanwa na feni. Boneti ikainuka kama paa la kibanda. Na mlango wa kushoto ukakataa kufunga.

Dereva wetu alikuwa mzee aliyeshika usukani tangu kabla ya Uhuru. Maneno yakaenea kwamba alikuwa amelewa. Yeye alisema neno moja tu: "Usukani ulinivuta." Hakuaminiwa. Alisimamishwa kazi, na ikasemekana kwamba angefukuzwa bila kiinua mgongo.

Kazi ya matengenezo ilipewa karakana yetu, pamoja na fundi bodi mmoja kutoka mjini. Sisi wa kidato cha tatu tulikwisha shika nyundo tukilielekea lile digadi. Fundi akatuzuia.

"Wekeni nyundo chini, vijana. Bati ni nguo tu. Kwanza tutazame mifupa."

Lori likasukumwa hadi penye sakafu ya saruji iliyo sawa. Tukaning'iniza timazi kutoka matundu yanayolingana ya mihimili miwili ya chasisi, tukatia alama za chaki sakafuni, kisha tukapima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Kamba mbili zikilingana, chasisi ni mraba. Zetu zilipishana inchi moja na nusu. Tukapima tena kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi mno kuliko ilivyostahili kwa kupinda kule.

Fundi akaingia chini, akakwangua tope kwenye springi, akatuita. Jani kuu lilikuwa limekatika kati ya ekseli na kishikio cha mbele. Nusu ya mkato ule ilikuwa nyeusi kwa kutu ya siku nyingi. Nusu ya pili iling'aa.

"Penye kung'aa pamevunjika juzi," akasema. "Penye kutu palipasuka zamani. Jani lilipokatika kabisa, ekseli ikarudi nyuma upande huu, na gari likavuta kushoto. Mzee kasema kweli."

Alilibeba lile jani mwenyewe hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Juma lililofuata dereva alirudishwa kazini.

Tulinyoosha chasisi kwa siku mbili, nyuma ya lori ikiwa imefungwa kwenye mkaratusi, mbele ikivutwa kwa minyororo na jeki. Tulivuta kupita mstari kidogo, maana chuma hurudi, na kila baada ya kuvuta tulipima upya. Moto hatukuutumia, kwa kuwa ungepunguza nguvu ya mhimili. Springi ilipata jani kutoka lori bovu. Ndipo zikaja bati: kwanza kebini na milango, kwa kuongeza washa penye mipira ya kukalia, kisha boneti ikafuata kebini, madigadi yakafuata boneti, na uso wa mbele ukaja mwisho. Bolti zote ziliachwa zimelegea hadi nafasi zilipolingana, tukizipima kwa kipande cha ubao mwembamba. Kundi moja lilikaza digadi mapema. Tukalazimika kulegeza lori zima.

Sasa nieleze lililobaki. Palikuwa na daftari la ukaguzi. Kila Jumamosi wanafunzi watatu walitakiwa kuosha springi, kuzitazama na kutia sahihi. Mwezi ule mmoja wa watatu hao nilikuwa mimi. Tulitia sahihi bila kuondoa tope. Hakuna aliyeliuliza daftari lile, nasi hatukusema. Tulimwacha mzee alale nyumbani siku tisa akiitwa mlevi.

Nadhani alijua. Jumamosi moja baadaye alitukuta chini ya lori, akainama akasema: "Kwangueni tope kwanza, wanangu." Hakuongeza neno. Amekwisha fariki, nami sikumwomba radhi.

General Motors iliuza biashara yake ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kiwanda cha Dunstable kilichoyaunda kikafungwa mwaka 1992. Letu liliuzwa kama chuma chakavu. Ninyi mliopo shuleni leo pengine hamtanyoosha chasisi kamwe, lakini daftari za kutia sahihi zitawafikia. Msitie sahihi juu ya tope.