Ufundishaji wa anatomia ya wanyama kwa njia ya kielektroniki

Ni ufundishaji wa maumbile ya ndani ya mifugo na wanyama wengine kwa kompyuta au simu, kwa kutumia picha za pande tatu, video za upasuaji wa mizoga, eksirei na mazoezi ya mtandaoni. Njia ya zamani hutegemea mzoga uliohifadhiwa kwa formalini, kemikali ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kilitengeneza programu ya anatomia ya mbwa kutokana na picha za mizoga halisi. Mwanafunzi aweza kurudia hatua aliyoipita, jambo ambalo kisu hakiruhusu. Faida huonekana zaidi kwa ng'ombe. Tumbo lake lina vyumba vinne, na rumeni peke yake hujaza sehemu kubwa ya upande wa kushoto. Mpangilio huo huchosha kuusoma kitabuni, lakini picha inayozungushwa huuonyesha mara moja. Kinachokosekana ni mguso: kioo hakimfundishi daktari kupapasa mimba ya ng'ombe kupitia njia ya haja kubwa. Kwa njia zote mbili, majina ya viungo hubaki ya Kilatini, kufuatana na orodha ya Nomina Anatomica Veterinaria, iliyotoka kwanza mwaka 1968.