Kofia na Pembea: Historia ya Idi ya Watoto Wadogo Mjini Unguja

Mtoto aliyezaliwa siku za mwisho za Ramadhani hajui mwezi wala sikukuu, lakini zaka yake ya fitri hutolewa kama ya mtu mzima. Ni pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu za mchele, sawasawa na pishi ya babu yake, na haina budi kufika kwa mwenye haki kabla watu hawajasimama kusali sala ya Idi. Baba mwenye watoto watano wadogo hupima pishi tano, mbali na yake na ya mkewe. Katika hesabu hiyo, kitoto kinachotambaa ni mtu kamili.

Pishi, hata hivyo, ni haki ya maskini. Cha mtoto mwenyewe ni kingine: nguo mpya, viatu, kofia au utepe wa nywele, sarafu za kutia mfukoni, na mahali pa kwenda kuzitumia. Mjini Unguja mambo haya hayakuanza pamoja wala hayakumfikia kila mtoto kwa wakati mmoja. Kila moja lina historia yake.

Maelezo ya kina kuhusu zawadi za watoto wa Unguja ya karne ya 19 yamo katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1886, alipokuwa akiishi huko kwa jina la Emily Ruete. Anaeleza habari za Idi zote mbili, mikono iliyopakwa hina, nguo mpya na zawadi zilizogawiwa jumbani. Anaeleza pia msimu mwingine wa furaha ambao haukufuata mwandamo wa mwezi: kurudi kwa merikebu za baba yake kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na makasha ya vitu vya kuchezea kutoka Ulaya. Mlikuwa na farasi na vigari vidogo, wanasesere, filimbi na tarumbeta, visanduku vya muziki, hata samaki na mabata wa bandia waliovutwa majini kwa sumaku. Nahodha aliagizwa anunue vilivyo bora bila kujali bei, na watoto wasiporidhika lawama ilikuwa juu yake. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, kwa hiyo kuwaridhisha wote haikuwa kazi ndogo.

Makasha hayo yalilipiwa na karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Umbali mfupi tu kutoka jumbani, katika vibanda vya mashamba na vya Ng'ambo, mtaa wa upande wa pili wa mkono wa bahari, walilelewa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na haki hata ya kuchagua vazi. Mtumwa alivaa merikani au kaniki; alikwenda bila viatu, na kichwa chake hakikutakiwa kufunikwa mbele ya waungwana. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kwa kirefu juu ya mavazi na starehe za Wazanzibari, ameonyesha jinsi alama hizo za mwili zilivyotumika kumjulisha kila mtu nafasi yake.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa yenyewe ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Waliokombolewa wakamiminika mjini, wakajenga Ng'ambo, wakaanza kuvaa walichokuwa wamekatazwa. Wanawake walivua kaniki wakavaa kanga. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Sikukuu ndiyo iliyokuwa siku ya kulionyesha vazi hilo hadharani, na mwanamke asiyepata doti mpya ya kanga kwa ajili ya Idi alijiona amedhalilika mbele ya wenzake.

Hapo ndipo ilipo maana ya kofia ndogo ya mtoto wa Ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20. Mama aliyelelewa kichwa wazi na miguu mitupu alipomvisha mwanawe wa miaka miwili kofia ya viua, kanzu iliyofika kifundoni na viatu, hakuwa akimpamba tu. Alimtoa mlangoni mtaa mzima ukamwona amevaa kama mtoto wa yeyote yule. Mtoto mwenyewe huenda alikivua kiatu kimoja kabla ya kufika pembe ya nyumba, kama watoto wanavyofanya hadi leo, lakini zawadi ilikuwa imekwisha fika kwa wote walioitazama.

Kuipata nguo hiyo kulihitaji mipango, na mipango hiyo bado inaendelea. Kitambaa hununuliwa mapema, fundi cherehani hupelekewa kabla kazi hazijamzidi, maana kumi la mwisho la Ramadhani fundi huahidi watu wengi kuliko anaoweza kuwashonea. Kwa mtoto mdogo kuna hesabu ya ziada. Idi ya fitri huangukia Mfunguo Mosi, na Idi ya kuchinja huja tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, yaani siku zipatazo 70 baadaye. Mzazi mwenye busara hushona nguo iliyolegea kidogo na upindo wa kuachia, ili ya Idi ya kwanza ifae hata ya pili. Mtoto wa umri huo hurefuka upesi, na nguo iliyomkaa barabara siku ya kupimwa inaweza kumbana kabla haijachakaa.

Kalenda nayo ina yake. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Kuna miaka iliyokutana na mavuno ya karafuu, mfukoni mkawa na kitu. Kuna miaka iliyoangukia masika, viwanja vikajaa maji na nguo nyeupe za watoto zikarudi na tope. Familia za mjini zimezoea kuipangia sikukuu hiyo inayohama.

Baada ya nguo huja mkono wa Idi. Mtoto husalimia, hubusu mkono wa mkubwa, na mkubwa humtilia kitu kiganjani. Asiyejua kusema huletwa akiwa amebebwa kiunoni na dada yake, na dada ndiye msemaji: mdogo wangu naye anataka sikukuu yake. Fedha hutoka kwa babu, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jirani wa mlango wa pili na kwa mwenye duka la mkabala. Kila mmoja hutoa kidogo, na kidogo cha wengi hujaza kifuko.

Sarafu zenyewe zimebadilika mara nyingi. Seyyid Barghash alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani mwaka 1882, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia iliendelea kutumika Zanzibar hadi mwaka 1936, ndipo ikaja shilingi ya Afrika Mashariki pamoja na senti zake za 5 na 10 zilizotobolewa katikati, ambazo mtoto angeweza kutungiwa uzi zisimpotee. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zake. Upande mmoja alikuwepo Mwalimu Nyerere. Upande wa pili senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, na thumuni ilikuwa na sungura. Kwa mtoto asiyejua thamani ya fedha, hizo zilikuwa picha za kutazama kabla hazijawa pesa za kununulia.

Na za kununulia zilipelekwa Mnazi Mmoja. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani kupitia Darajani na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji kujaa, sehemu kubwa ya hapo ilikuwa bahari. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo, na viwanja vya Mnazi Mmoja vikawa pahala pa michezo na mikusanyiko. Pembezoni mwake lilisimama jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililochorwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925. Watoto wa nyumba za mawe na watoto wa nyumba za udongo, waliotenganishwa na maji na tabaka, wakawa na uwanja mmoja wa sikukuu.

Idi ya Unguja haiishi kwa siku moja. Kuna Idi Mosi, Idi Pili, Idi Tatu na Idi Nne, na alasiri za siku zote hizo watoto huenda uwanjani. Huko kuna pembea, maputo, filimbi, miwani ya plastiki isiyozidi uso wa mtoto, ubuyu wa rangi unaotia midomo wekundu, achari ya embe, visheti, malai na maji ya ukwaju. Wasichana wadogo huja wamepigwa wanja na kupakwa hina, wavulana wamening'iniza bastola za maji. Mombasa nayo ina viwanja vyake vya Makadara, ambako watoto wa Kibokoni na mitaa ya jirani huenda kupanda pembea siku za Idi, na desturi hiyo inafanana na ya Unguja kiasi kwamba mtoto wa mji mmoja hawezi kujiona mgeni katika mwingine.

Waliokua kidogo walikuwa na shabaha nyingine: sinema. Fair anaeleza jinsi maonyesho ya Idi yalivyojaa katika majumba ya sinema ya Zanzibar, watoto wakiingia na fedha walizokusanya asubuhi. Jumba la Royal, lililochorwa pia na Sinclair na baadaye likaitwa Majestic, liliungua mwaka 1954, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata. Wadogo zao waliachwa pembeani, au waliingia wamepakatwa na kulala kabla filamu haijafika katikati.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifika miaka ya dhiki. Bidhaa za nje zilipungua, chakula kikawa cha mgao, na kitambaa kikawa kitu cha kutafutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uhaba ulikuwa Tanzania nzima. Nguo ya Idi ya mtoto ilitokana na ya mkubwa: kanzu ya kaka ilikatwa na kupunguzwa, gauni likashonwa kwa kanga iliyobaki nzima upande mmoja. Gari la kuchezea lilikuwa la kopo na waya, kazi ya mikono ya kaka mwenyewe. Watoto wa miaka hiyo hawakukosa Idi, kwa sababu ndugu wa kuwapa mikono walikuwepo na uwanja ulikuwepo.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka huo na wa Muungano mwaka uliofuata, akapewa na wananchi jina la Mzee Ruksa. Wafanyabiashara wakaanza kwenda Dubai na kurudi na marobota. Viatu vya mtoto vinavyolia kila anapokanyaga, magauni ya marinda, mabasi ya betri na wanasesere wanaofumba macho vikajaa Darajani na Kariakoo ya Dar es Salaam. Baadaye China ikaongeza wingi na kupunguza bei. Kile ambacho nahodha wa Seyyid Said alikisafirisha kwa ajili ya watoto wa jumba moja sasa kinauzwa juu ya turubai, kando ya njia, kwa mzazi yeyote mwenye noti mbili tatu.

Kilichoanza kupungua miji ilipokua ni nafasi. Viwanja vilijengwa au vilifungwa, na sikukuu ya watoto ikahamia ndani ya kumbi za kukodi kwa kile kilichoitwa disko toto. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Tangu hapo polisi wamekuwa wakipiga marufuku disko toto sikukuu zinapokaribia. Marufuku hiyo ni ya haki. Lakini watoto waliokwenda ukumbini siku ile walikuwa wametoka nyumbani na nguo mpya na sarafu mkononi, wakitafuta pa kwenda, kama walivyofanya watoto wa pwani kwa vizazi vingi.

Wazazi wa mjini wenye mtoto wa miaka miwili au mitatu wanapanga leo kwa maarifa yaleyale yaliyorithiwa. Asubuhi ya Idi Mosi baada ya sala ni ya jamaa: kwa bibi, kwa ami, kwa jirani, wakati mtoto bado ana furaha na nguo bado safi. Mchana ni wa kulala. Jua likipungua ndipo huvalishwa tena na kupelekwa uwanjani, akapanda pembea moja, akala malai moja, akarudi kabla ya magharibi. Zawadi kubwa, kama ipo, huachwa kwa Idi Pili au Idi Tatu, kwa sababu mtoto mdogo aliyepewa kila kitu kwa siku moja huchoka, hulia, na huishia kucheza na kasha tupu.

Sehemu ya nyumbani ya mpango huo familia zinaimudu. Sehemu ya uwanja inazizidi. Pembea inahitaji ukaguzi, njia za kutokea zinahitaji upana, taa na vyoo vinahitaji fedha, na mtoto aliyepotea kwenye umati anahitaji mahali panapojulikana pa kumpelekea na kipaza sauti cha kumtangaza. Baraza la mji linalotenga fedha kwa mambo hayo kabla Ramadhani haijaandama, na linalokataa kukigawa kiwanja cha watoto kwa maduka, linamtolea mtoto mdogo sikukuu yake pamoja na shangazi na mjomba.